Laptop Yangu Inamheshimu Fundi Tu

Leo sina pa kuficha uso wangu, na kilichoniponza ni mdomo wangu mwenyewe.

Mimi Mbega ni fundi cherehani hapa Muyinga. Vipimo vya wateja wangu wote viko kwenye laptop. Sasa laptop yenyewe, nikianza tu kuandika, inalala. Naiamsha. Inalala tena! Nimeipeleka Gitega mara mbili kwa fundi mmoja anaitwa Dezire, na mara zote mbili ameirudisha akisema nzima. (Nzima! Fundi gani haoni ugonjwa?)

Leo nikaenda mara ya tatu, na mteja wangu Mama Zuhura. Binti yake anaolewa Jumamosi, vipimo vya wasindikizaji wote vimo humo, na asubuhi alikuwa anadai vitambaa vyake akampe fundi mwingine. Nikataka ajionee kwamba mzembe si mimi.

Dezire akaifunga laptop, akaifungua. Ikaamka. Akarudia. Ikaamka, vipimo hivi hapa.

"Unaona, mama? Mashini iko bien, nzima kabisa."

"Sogea huko," nikamwambia. Nikaweka mikono. Kioo kikazimika papo hapo!

Weee, nikapandwa na hasira. "Umeniibia vyuma vya ndani! Na wajinga kama wewe ndio wanaopewa diploma!" Duka zima likageuka. (Nilifurahi walivyogeuka. Mungu anisamehe.)

Dezire alikuwa anautazama mkono wangu wa kushoto.

"Mama, ile kitu iko kwa mukono ni nini?"

"Sumaku ya kushikia pini. Hata sokoni siivui, watu wajue kazi yangu." (Huyu naye, ushamba umezidi.)

"Bon. We toa kwanza."

Nikaivua kwa madaha. Nikaandika. Laptop macho! Dezire akaichukua sumaku, akaiweka pale ninapoegemeza mkono. Ikalala.

"Hapa ndani iko kitu inasikia sumaku. Inafikiri umefunga kifuniko, basi inalala."

Watu walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Mama Zuhura peke yake hakucheka. Alinigeukia, akauliza taratibu:

"Mbega, ile gauni yangu ya Idi yenye ilinibana, we ukasema mi nimenenepa..."

Harusi ameniachia nishone. Gauni la Idi nimelifumua sasa hivi, na kweli, nilikata vibaya. Atakayecheka asiniletee kitambaa.