Kauli Moja Kuhusu Mdunguaji

"Wananchi wote mnatangaziwa kwamba kuanzia leo filamu ya mdunguaji itakuwa na maoni ya aina moja tu, na maoni hayo yatatolewa na serikali mara yatakapopatikana."

Tangazo hilo lilitoka kwenye kipaza sauti juu ya gari la Idara ya Utulivu wa Watazamaji. Gari lilitambaa mtaani polepole, ili hata wenye masikio mazito wasipitwe. Kwa sasa, liliendelea, ukumbi ulioionyesha filamu hiyo unafungwa kwa manufaa ya wote, akiwemo mwenye ukumbi.

Mwenye ukumbi alikuwa mjane mmoja aliyeitwa Mama Pazia, kwa sababu ya pazia zito jeusi alilotundika mlangoni kuzuia mwanga na wapenyaji. Alikuwa anafagia maganda ya karanga chini ya mabenchi. Hajafika safu ya pili, askari wa Idara akaingia, akampigia saluti, akamtoa nje, akapiga kufuli. Kitanda cha Mama Pazia kilikuwa nyuma ya skrini. Jiko lake pia, na nguo zake zote. Yeye alitoka na ufagio.

"Sasa mimi nikakae wapi, mwanangu?"

"Amri haijafika huko, mama."

Ikabidi ahamie kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, mwanamke mwenye chumba kimoja na maneno ya kujaza vyumba kumi.

"Na wewe wifi, ungeonyesha filamu za harusi," alisema wifi kabla hata ya kumkaribisha. "Nani amewahi kugombana kwa ajili ya harusi?"

"Wewe, wifi. Kwa ajili ya yangu."

Filamu yenyewe haikuwa na makuu. Mdunguaji, yaani askari wa kulenga watu kutoka mbali, anapanda juu ya ghorofa na bunduki ndefu kuliko yeye, analala kifudifudi siku tatu akimngoja jenerali wa maadui. Jenerali anatokea. Mdunguaji anamweka kwenye darubini, kidole kwenye triga, ukumbi mzima hakuna anayemeza mate. Mara jenerali anainama kumfunga mwanawe kamba za viatu. Mdunguaji anaiacha bunduki palepale, anateremka ngazi, anakwenda zake. Basi.

Mtaa ukapasuka kama tikiti maji. Kinyozi akasema huyo ndiye mwanamume. Fundi cherehani akasema huo ni woga mtupu, tena ni uongo: mtu gani analala juu ya paa siku tatu bila kwenda msalani?

Yangeishia hapo barazani, kama si Mkurugenzi Msaidizi wa Idara kwenda kunyolewa na kutamka, akiwa kwenye kiti, kwamba mdunguaji yule ni mwoga. Filamu hakuwa ameiona. Alisimuliwa na dereva wake. Kinyozi akazima mashine na kumwondolea shuka shingoni. Mkurugenzi Msaidizi akaingia kikaoni amenyolewa upande mmoja, na kikao hichohicho kikatambua kwamba usalama wa taifa uko mashakani. Ikaundwa Kamati ya Kauli Moja, yeye akawa Mwenyekiti, na kwa mkono wake mwenyewe akasaini amri: popote patakapokutwa maoni mawili kuhusu filamu hiyo, pafungwe kwa kufuli mpaka ipatikane kauli moja.

Askari alikuwa mtu mnyoofu. Akiambiwa afunge, anafunga. Alifunga kibanda cha kinyozi, akafunga mnyororo kwenye cherehani ya fundi, akawafungia chumbani mume na mke waliobishana dirisha likiwa wazi. Hao hawakukaa sana. Mume aligundua kwamba tangu mwanzo alikuwa na maoni ya mkewe.

Kamati, yaani Mwenyekiti, Katibu na wajumbe wawili, ikaketi chini ya turubai, mbele ya ukumbi. Mama Pazia akakaa mstari wa mbele. Nia yake ilikuwa moja, kurudi kitandani kwake.

"Shahidi ulikerwa na nini?" Mwenyekiti alimuuliza fundi cherehani. Alikuwa amevaa kofia, na hakuna aliyethubutu kuitazama.

"Msala, mheshimiwa."

"Iandikwe: changamoto za miundombinu. Na wewe kinyozi?"

"Mimi nililia."

"Iandikwe: unyevu."

Katibu akaandika. Huyu Katibu, kwa miaka yote ya utumishi wake, alikuwa na sentensi moja tu, "naunga mkono", na ilikuwa imempandisha vyeo viwili.

Mama Pazia akanyoosha mkono. "Samahani baba, nauliza tu. Nyinyi wenyewe mmeshaiona?"

Katibu akaacha kuandika.

"Kamati haihitaji kuona ili ielewe," alisema Mwenyekiti. Kisha, kwa kuwa watu walianza kucheka chinichini, akaongeza: "Hata hivyo, tutaitazama. Kiutendaji."

Kufuli likafunguliwa. Mama Pazia aliwawashia mashine, akawaachia mabenchi ya mbele, akashusha pazia na kutoka kusubiri pamoja na askari.

Filamu ikaisha. Ndani kukasikika Mwenyekiti akikohoa.

"Nadhani sote tumeona kwamba jamaa ni mwoga."

"Naunga mkono," alisema wa kwanza.

"Naunga mkono," alisema wa pili.

"Mimi hapana," alisema Katibu.

Benchi la Mwenyekiti likalia.

"Hapana nini?"

"Hapana, si mwoga. Mheshimiwa, yule jamaa amekataa! Ameambiwa piga, akasema sipigi!" Sauti ya Katibu ilikuwa inapanda, kama ya mtu aliyeonja kitu kitamu ukubwani. "Kumbe mtu anaweza!"

Askari akafunua pazia, akavuta milango miwili, akapiga kufuli. Ndani wakaruka kama waliomwagiwa maji.

"Wewe! Fungua! Mimi ndiye Mwenyekiti!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Na saini ni yako."

"Nakuamuru ufungue!"

"Na mimi nasema asifungue," Katibu alisema. "Bado sijamaliza."

"Hayo tena ni maoni mawili," alisema askari kwa masikitiko.

Watu wakajaa. Bati la ukumbi lilikuwa limeiva kwa jua, na ndani wakaanza kuvua makoti. Mama Pazia akaona hawa watu wakikaa humo wataanza kulala kitandani kwake kwa zamu. Akapanda juu ya ndoo, akaweka mdomo kwenye tundu la hewa.

"Jamani, basi tafuteni jambo moja tu mnalokubaliana kuhusu hii filamu. Lolote."

Walinong'ona, wakabishana, wakatukanana kwa lugha ya kiserikali. Hatimaye Katibu akasema: "Lipo moja. Mwenyekiti alilala tangu jamaa anapanda ngazi."

"Naunga mkono," alisema wa kwanza.

"Tena alikoroma," alisema wa pili.

"Nilifumba macho nikitafakari!"

Askari akatikisa kichwa. "Bado mawili, mheshimiwa."

Jasho likamlazimisha Mwenyekiti kuvua kofia. Kisha, kwenye tundu la hewa, ikatoka sauti ndogo kabisa.

"Nililala."

Kufuli likafunguka papo hapo.

Kauli moja ikishapatikana haibadilishwi mpaka kamati ikae tena, na wajumbe wote, kwa mara nyingine kwa kauli moja, walikataa kukaa. Kwa hiyo asubuhi gari likapita mtaani: "Maoni rasmi kuhusu filamu ya mdunguaji ni kwamba Mwenyekiti alilala." Wananchi wakayapokea kwa utiifu ambao Idara haikuwahi kuuona. Kinyozi na fundi cherehani wakapeana mikono. Wifi aliyarudia maoni hayo barabara nzima, bila kuulizwa.

Waziri mwenyewe akaja kuufungua ukumbi upya na kupigwa picha. Mama Pazia, aliyekwisha kutandika kitanda chake, akamshikia pazia.

"Ehe, Mwenyekiti," alisema Waziri kwa sauti ya kusikika na wote, "wewe uliyeisimamia kazi hii, hebu tuambie. Filamu yenyewe ikoje?"

Mwenyekiti akafungua mdomo. Akatupa jicho mlangoni. Askari alikuwa amesimama wima, amenyoosha shingo asikie vizuri, kufuli mkononi.