Naomba Mturudishie Betri Iliyokufa

Jumatano, 12 Machi 2025

Lorraine Nangila,
Kidato cha Pili,
Kariobangi, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi.

Kwa Mzee Mbugua,
Mwenyekiti wa Kamati ya Usalama,
Kanisa letu la mabati ya buluu.

Mzee wangu mpendwa, Bwana asifiwe.

KUH: MWIKO WA LANGONI

Bi. Jecinta, mwalimu wetu wa Kiswahili, hutuambia kwamba barua rasmi haimfichi msomaji chochote. Kwa hiyo naahidi kukueleza yote, hata yale ambayo Mama angependa niyaache.

Unakijua kile kifaa cha kutambua chuma ambacho waumini hupekuliwa nacho langoni, na ambacho sisi watoto hukiita mwiko kwa sababu ya umbo lake. Tangu nianze Shule ya Jumapili sikuwahi kukisikia kikilia. Betri yake, ile ndogo ya mraba, ilikuwa imekufa. Mlinzi wetu, Baba Marion, alikipitisha juu ya kila mtu na kusema, "Pita, Mungu akubariki." Akina nyanya waliinamisha vichwa wakidhani ni maombi. Tulikuwa na amani.

Mwezi uliopita kamati yako ilikipeleka kwa fundi Irungu wa redio. Akang'oa mahali pa betri ya zamani, akaweka betri za lithiamu alizozitoa katika kompyuta mbovu, akatoboa tundu la chaja ubavuni. Sasa mwiko unachajiwa kama simu, una taa nyekundu, na unasema tii. Wewe ulipotutangazia habari hiyo tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga, kwa kuwa sikujua. Malalamiko yangu ni haya:

1. Mwiko umemfukuza mama yangu kanisani. Mama, ambaye kanisani mnamjua kama Truphena wa sukuma wiki, aligongwa na pikipiki mwaka juzi, na madaktari wakauunga mfupa wa mguu wake kwa bamba la chuma na skrubu. Jumapili ya kwanza ya lithiamu aliinua mikono kama kawaida, na mwiko ukapiga kelele hadi Baba Marion mwenyewe akaruka. Foleni nzima iligeuka. Kijana mmoja nyuma yetu alisema, "Mathe ameingiza sufuria!" na watu wakacheka. Ilibidi Mama apandishe rinda kidogo aonyeshe kovu, kwaya yote ikitazama. Tangu siku hiyo anasalia nyumbani na redio, na anasema ni mguu unaomuuma. Lakini kila Jumamosi mguu huohuo hubeba gunia la sukuma kutoka sokoni.

2. Hatuna faragha tena. Watu ambao hawakujua nyumba yetu sasa wanajua hata skrubu zetu. Mama Lenah alileta maharagwe bila kuitwa. Mzee mmoja wa kwaya alituma dawa ya kuchua ambayo imeipa nyumba yetu harufu ya zahanati. Baba Marion humwita Mama kutoka ng'ambo ya barabara, "Mama Lorraine, huo mguu unasemaje leo?" Mama hawezi kununua chumvi bila kutoa taarifa ya afya yake.

3. Kifaa hakina busara. Kimelilia mshipi wa Mzee Gitonga, birika la chai ya wageni, na akina dada wa kwaya kwa sababu ambayo Bi. Jecinta angetaka niitaje kwa tafsida, hivyo naiacha. Lakini Jumapili hiyohiyo ya kwanza mtu asiyejulikana alitoka na kiti cha kanisa kichwani. Mwiko haukusema neno, kwa kuwa kiti kilikuwa cha plastiki.

4. Kifaa kinapinga mafundisho. Tumefundishwa kuamini tusichokiona. Miaka yote mwiko ulipokuwa maiti tuliuamini, na hakuna aliyeleta panga. Sasa unafanya kazi na kila mtu anamshuku jirani yake. Ni wazi, basi, kwamba kilichotulinda ni ile betri iliyokufa.

Kwa hiyo naomba lithiamu itolewe na betri ya zamani irudishwe. Ikiwa ilitupwa, nimeambatanisha nyingine. Imekufa kabisa. Nimeihakikisha kwa ulimi, wala haikuuma.

Ikiwa kamati imeshikilia maendeleo, ninapendekeza kila muumini apewe kijiko mlangoni, akitie mfukoni, ili mwiko utulilie sote bila ubaguzi. Vijiko vikusanywe baada ya sadaka.

Na ikiwa vijiko ni gharama, basi tufanye harambee ili Mama afanyiwe upasuaji na chuma kitolewe. Daktari alisema chuma ndicho kinachomwezesha kutembea, kwa hiyo baada ya hapo hataweza kuja kanisani kwa miguu. Lakini vijana wanaweza kumbeba, na ataingia kimya.

Mzee, sina nia ya kuisumbua kamati. Jumapili hii ni Siku ya Vijana na mimi nimechaguliwa kusoma Neno. Nimelisoma mbele ya kioo na mbele ya kuku wa jirani. Ninachotaka ni kuinua macho kutoka kwenye kitabu nimwone Mama ameketi pale mbele, karibu na nguzo, mahali pake pa zamani.

Nisalimie Mama Mbugua, Pasta, fundi Irungu (simchukii), kwaya yote pamoja na akina dada waliotajwa kwa tafsida, na Baba Marion. Aliyeondoka na kiti nisalimie pia, ukimjua.

Ni mimi kwa heshima na matumaini,
Lorraine Nangila.

NYONGEZA, Jumapili jioni:

Nilitaka kukupa barua hii leo mkononi, lakini nimerudi nayo nyumbani; tafadhali soma hapa kabla ya kutenda lolote. Kama ujuavyo, jana transfoma ililipuka na mtaa wote ukakosa stima. Asubuhi nilimwambia Mama kwamba leo mwiko hautalia. Akavaa rinda lake la kijani tukaja. Aliinua mikono, mwiko kimya. Hakuna aliyegeuka. Nilisoma, nikainua macho, na alikuwa pale karibu na nguzo.

Tulirudi nyumbani. Alipovua viatu ndipo akaniuliza, "Lorraine, hiyo kitu wameitoa betri?" Nikamweleza kwamba mwiko uliishiwa chaji kwa kukosa stima. Akakaa, akausugua mguu kwa ile dawa ya mzee wa kwaya, akasema, "Leo hata Mama Lenah hakuniuliza mguu. Baba Marion amenipitisha tu kama gunia. Kwani nimeshapona na sijaambiwa?"

Anataka kuja tena Jumapili ijayo, lakini si kimyakimya: anataka mwiko umlilie. Kwa hiyo ile betri yangu iliyokufa nimeitoa tena kwenye bahasha, na yale ya vijiko uyasahau. Mjomba wangu Mativo ana betri ya akiba ya kuchajia simu, na amekubali kuniazima tuuchaji mwiko iwapo stima itapotea tena. Tafadhali nijibu kabla ya Jumamosi, maana ni lazima nitafute waya: tundu alilotoboa fundi Irungu ni la pini nyembamba au ile pana?