Lumbesa Aliyening'inia Mlowo

Leo nimeumbuka, tena nikiwa hewani. Si juu sana. Sentimita thelathini tu kutoka sakafuni. Mimi niliyepanda minara mirefu ya mkoa huu wa Songwe, nimekuja kuaibikia kimo cha ndoo ya maji.

Nianze mwanzo, maana najua mnavyopenda kurukia utamu.

Mimi ni kiongozi wa timu ya kutunza minara ya simu. Tuko watatu. Yupo Atupele, dada mwembamba anayepanda kutuzidi wote. Yupo Siame, dereva wetu na mpandaji wa pili, ambaye mdomo wake haujawahi kuzimwa. Halafu mimi, mwenye daftari la usalama. Hapandi mtu mpaka nimkague. Mkanda wa usalama, ule unaobana mabega, kiuno na mapaja, naupitia mshono kwa mshono. Ndoano ziwe mbili, na moja ishike chuma kabla nyingine haijaachia. Hata bisibisi haipandi bila kufungwa uzi. Wenzangu wananiita Mchungaji kwa sababu nahubiri kila asubuhi. Waniite tu. Namjua mwenzetu mmoja aliyesema "mara hii tu", na sasa anatembelea magongo.

Leo zamu ilikuwa ya mnara wa Ikinga, kule Ileje. Ikinga ni kwao mke wangu. Hapo ndipo shida inapoanzia.

Baba mkwe wangu, kwa miaka tisa sasa, anaamini kazi yangu ni kukaa kwenye gari. Kwenye harusi ya shemeji yangu aliniuliza mbele ya meza nzima, "Mkwe, hivi huo mnara huwa unaulinda, au unaupaka rangi pale chini?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka (kwa nje). Kwa hiyo juzi nilipoona jina la Ikinga kwenye ratiba, nilimpigia simu papo hapo. "Baba, njoo na majirani. Mtaniona juu kabisa, kwenye taa nyekundu."

Akaalika nusu ya kata. Nami nikajiandaa. Nilinyoa ndevu. Nilipiga pasi ovaroli. (Nani anapiga pasi ovaroli? Mimi.)

Asubuhi tuko stoo yetu hapa Mlowo, tunafungua mikanda mipya iliyoletwa wiki hii. Nikasoma lebo kwa sauti, kama kawaida yangu. Imeandikwa mzigo usizidi kilo mia moja, mtu pamoja na vifaa vyake.

"Haya, nani anajua kilo zake?" akauliza Siame.

"Themanini na nane," nikajibu bila kupepesa.

"Ulipima lini?"

Nilipima mke wangu alipojifungua Neema. Neema yuko darasa la pili. Lakini hilo sikulisema. Badala yake nikainua kidole cha mahubiri. "Hapa hatukisii. Kila mtu anapimwa, na mkanda wake, buti zake na begi la vifaa mgongoni. Asiyefaa hapandi. Awe nani, awe nani!"

Sikilizeni maneno hayo vizuri. Ni yangu. Nimeyatoa mwenyewe, kinywani mwangu, bila kulazimishwa.

Mzani tukaufuata kwenye ghala la jirani, kwa Bi Zuhura, mama wa Kondoa anayenunua mahindi na maharage. Mzani wake ni ule wa kuning'iniza. Unatoka kwenye boriti ya chuma, una uso wa saa na ndoano kubwa chini yake. Gunia linatundikwa, mshale unasema. Nikaikagua boriti. Nikaivuta ndoano. Bi Zuhura akaniangalia na kalamu yake sikioni.

"Kaka, boriti hiyo imebeba mahindi ya Mbozi yote. Itashindwa na wewe?"

"Utaratibu, mama."

"Haya, utaratibu karibu."

Mpango ulikuwa rahisi. Unapanda stuli, tunafunga ndoano ya mzani kwenye pete ya mgongoni ya mkanda wako, tunaondoa stuli, unaning'inia, tunasoma, stuli inarudi. Nilijipongeza kimoyomoyo. Uzito tunaupata na mkanda tunaujaribu kwa mpigo mmoja! Wapagazi wa ghala wakaacha kazi zao kuja kutazama. Akina mama waliopanga foleni na maharage yao nao wakasogea.

Atupele akaning'inia. Sabini na moja na vifaa vyake vyote. Makofi. Siame, themanini na tisa. Makofi tena, na yeye akainama kushukuru akiwa palepale hewani.

Mimi nikawa wa mwisho, maana kiongozi hutangulia kwa maneno na kumalizia kwa vitendo. Nikapanda stuli. Wakanifunga. Wakaondoa stuli.

Boriti ikalia.

Bi Zuhura akavaa miwani, akasogea, akavua miwani, akaifuta kwa mtandio, akavaa tena.

"Mia na kumi na mbili."

"Soma tena, mama."

"Nimesoma mara mbili. Unataka niimbe?"

"Toeni begi la vifaa!" nikaamrisha. Wakalitoa. Mia na nne. Siame akaninyang'anya na kofia ngumu kichwani, kwa huruma. Mshale haukujali.

Ndipo mpagazi mmoja nyuma akapiga kelele, "Lumbesa! Hii lumbesa!"

Mnalijua gunia la lumbesa. Limejazwa hadi likashonewa kilemba juu, na serikali imelipiga marufuku. Watu wakavunjika mbavu. Bi Zuhura, kwa sura ya biashara kabisa, akasema, "Tutoe kilo moja ya gunia. Na unyevu je? Huyu anatoka jasho, hajakauka vizuri." Mwingine akataka nichomwe bambo kiunoni wakague punje! Bambo lenyewe, ile sindano ya kuchomea magunia, nililiona mkononi mwake.

"Stuli," nikasema. "Leteni stuli."

Stuli ilikuwa imekaliwa. Mpagazi aliyeniita lumbesa alicheka mpaka miguu ikamwishia, akaketi juu yake, na hakuna aliyeweza kumwinua kwa sababu waliojaribu nao walikuwa wanacheka.

Ningekomea hapo ningekuwa nimeaibika kiasi cha binadamu. Lakini mlangoni likasimama guta limebeba magunia matatu ya maharage, na nyuma yake anatembea mama mmoja wa makamo, kitenge cha bluu, kitambaa cheupe kichwani.

Mama mkwe wangu.

Kwa wasiojua: kwa Wandali, kabila la mke wangu, mkwe na mama mkwe hawakutani hivihivi. Ukimwona anakuja njiani, unapisha. Unaingia hata kwenye mahindi ya watu. Humtazami usoni, hukai naye sehemu moja. Dunia imebadilika, wengi wameacha, ila mama mkwe wangu hajaacha, na mimi kwa miaka tisa sijamkosea hata siku moja. Nimewahi kurukia mtaro wa maji nikiwa na suti kwa ajili ya heshima hiyo.

Leo niruke niende wapi?

Nimening'inia. Mikono inaelea. Mikanda imenibana mapaja vile inavyobana, na ovaroli yangu iliyopigwa pasi imejikunja hadi magotini. Nikafanya kitu pekee nilichoweza. Nikapiga teke hewani ili nigeuke nimpe mgongo. Nikageuka! Nikamshukuru Mungu. Ila ndoano ya mzani ina tabia yake. Inajisokota, inafika mwisho, halafu inarudi. Taratibu kabisa, mbele ya watu wote, ikanirudisha nikamtazama mama mkwe uso kwa uso.

Akajifunika uso kwa kitenge. Nikapiga teke tena. Nikazunguka. Nikarudi. Kila nikirudi, jicho moja la mama liko pale pembeni ya kitenge.

"Shikamoo mama," nikasema nikipita. (Mara tatu. Sikujua niseme nini kingine.)

Hakuitikia, kwa heshima. Alimgeukia Bi Zuhura akasema kwa upole, "Mama, nitarudi mkishamaliza kupima mzigo huo." Akatoka.

Nilishushwa. Sisemi zaidi kuhusu kushushwa.

Safari ya Ileje niligeuzia uso dirishani. Siame, akiwa kwenye usukani, hakuniacha.

"Kaka, kilo kumi na mbili ni nini? Aliyetengeneza mkanda lazima aliacha nafasi."

"Aliacha nafasi ya mtu kuanguka, Siame. Hakuacha nafasi ya ugali."

"Basi vifaa tuvivute kwa kamba, wewe upande mtupu."

"Mtupu ni mia na nne."

"Vua buti."

Nisiwadanganye, nilitamani. Akilini nilimwona baba mkwe amesimama na majirani zake. Nilisikia lile swali la harusini. Nani angejua? Mzani uko Mlowo, mnara uko Ikinga. Nikaanza kupiga hesabu ya buti zina kilo ngapi.

Atupele alikuwa siti ya nyuma anafunga nyuzi kwenye spana. Akasema bila kuinua kichwa, "Kaka, mwezi uliopita ulinishusha nikiwa nimeshafika nusu. Kisa glavu imechanika kidole kimoja."

Nami nikaacha kuhesabu buti. Nikipanda leo, kesho nitamwambia nini huyu binti kuhusu glavu?

Ikinga tulikuta mabenchi ya kanisani yamepangwa chini ya mnara. Mabenchi! Baba mkwe kavaa koti, kakaa katikati, fimbo mapajani. Akasimama kunipokea kwa mikono miwili.

"Mkwe! Tumekuja kukuona ukipanda."

Nikaamua niseme kwa sauti, wasikie wote, nisirudie.

"Baba, leo sipandi. Mkanda mwisho wake kilo mia. Mimi nina mia na kumi na mbili. Sheria nimeiweka mwenyewe, imenikamata mwenyewe. Watapanda hawa wawili, mimi nitabaki chini."

Mzee mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Si nilikwambia ni mlinzi?"

Na bado sikuwa nimemaliza. "Tena baba, naomba radhi. Hapa mlipokaa hamruhusiwi. Spana ikidondoka kutoka kule haichagui mkwe wala baba mkwe. Naomba mbebe mabenchi mrudi nyuma ya utepe wa onyo."

Kumwondoa baba mkwe kwenye kiti chake, mbele ya wageni wake, kwenye kata yake! Aliinua macho mpaka kule juu. Kisha akashika ncha moja ya benchi, na majirani wakalazimika kushika nyingine.

Nilimkagua Atupele. Nilimkagua Siame. Nilirudia ndoano zote kwa mkono. Kwa saa tatu nilisimama shingo nimeinua, filimbi mdomoni, nikiwaita kila hatua, nao wakinijibu. Taa nyekundu ikabadilishwa. Hakuna kilichodondoka, hakuna aliyeteleza. Siku nzuri katika kazi yetu ni ile isiyo na la kusimulia. (Mimi ninalo, lakini ni la Mlowo.)

Walipokanyaga ardhi, baba mkwe akavuka utepe. Aliniuliza kwanza kama sasa inaruhusiwa. Akawageukia watu wake.

"Mmeona? Hawa wanapanda huyu akisema wapande, wanashuka akisema washuke. Na amejikataza mwenyewe mbele ya wakwe zake. Mlinzi hawezi hivyo."

Jamani, macho yaliniuma. Nikasingizia vumbi. Miaka tisa nilitaka kupanda juu ya mnara anione, kumbe kaniona nikiwa chini.

Ningeomba kisa kiishie hapo. Lakini mama mkwe naye alikuwa ameshafika kutoka Mlowo, amekaa mbali nyuma ya nyumba ya jirani kama desturi inavyotaka, na alikuwa na ujumbe. Baba mkwe ndiye aliyeuleta, kwa sauti ileile ya kuhutubia.

"Mama yako anasema hivi. Ule mzani wa Mlowo unapunja. Maharage yake ameyapima hapa kabla ya kuondoka, kule yakapungua kilo tano kila gunia. Kwa hiyo zile kilo zako, ongeza tano."

Mia na kumi na saba! Siame alijilaza chini kwenye nyasi.

"Na pia," baba mkwe akaendelea, "amekupikia."

Ikaja sinia. Ugali mlima, jogoo mzima, maharage yenye karanga. Chakula cha mama mkwe hakirudishwi, na hakibakizwi. Atupele akafungua daftari langu la usalama, akashika kalamu tayari kuandika kilo mpya, akaniangalia.

Nimekula. Nimemaliza. Na anayetaka kucheka, kwanza aende kwa mama mkwe wake, akarudishe sahani ikiwa na chakula, halafu aje tucheke wote.