Kilo Tatu na Nusu Kabla ya Ijumaa

Jumatatu, 4 Machi

Kilo mia moja na tatu na nusu! Mizani ya zahanati ya kazini, mbele ya nesi, bila viatu, bila mkanda, bila funguo mfukoni. Nilivua hata pete ya ndoa. Nesi akaniuliza kama nilitaka kuvua na meno.

Niandike mambo kwa mpangilio. Fundi Mkuu wa Mizani anastaafu. Hapa ghala la nafaka tumebaki mafundi wa mizani wawili: mimi, miaka kumi na tisa kazini, na Njiti, miaka sita. Fundi Mkuu hupandishwa na kreni ndani ya kikapu cha chuma, akague mizani zinazoning'inia juu ya matangi. Kikapu kimeandikwa kwa rangi nyekundu: MTU MMOJA, KILO 100. Meneja kasema cheo ni changu, ila Ijumaa nipimwe na mshale usivuke mia. Ukivuka, cheo ni cha Njiti. Njiti ana kilo hamsini na nane. Akisimama upande humwoni.

Miaka kumi na tisa nimekingoja cheo hiki. Ofisi ya Fundi Mkuu ina dirisha.

Siku nne, kilo tatu na nusu. Inawezekana. Nimeacha vitu vitamu rasmi leo saa nne asubuhi.

Saa kumi alasiri: tofi mbili. Za kuagana nazo.

Jumanne, 5 Machi

Mke wangu kaifungia sukari kabatini, ufunguo kauvaa shingoni. Chai ya leo ilikuwa maji ya kusuuzia sufuria.

Mama mkwe, anayekaa kwetu tangu apasuliwe jicho, anaruhusiwa vijiko vitatu. Nikajitolea kumpelekea chai yake mwenyewe. Kutoka jikoni hadi sebuleni nikaionja, nihakikishe haijapoa. Mara tatu. Mama akakitazama kikombe kwa lile jicho zima, akauliza kwa upole kama siku hizi vikombe vyetu vinavuja.  Nikamwambia, "Shikamoo, mama." Nilikuwa nimeshamwamkia mara mbili.

Kazini nina akiba yangu. Chini ya meza yangu kuna kasha la mawe ya mizani: la mbao, magurudumu manne, mashimo kumi, kila shimo na jiwe lake la chuma la kilo kumi. Ndiyo tunayotumia kuhakikisha mizani inasema kweli. Mawe matatu niliyatoa mwaka jana. Moja linazuia mlango wa stoo, mawili yameshikilia benchi lililovunjika mguu. Shimo la nane: tofi. La tisa: biskuti za krimu. La kumi: keki. Kila kitu mahali pake. Kasha hilo halifunguliwi na mtu ila mimi.

Nimekula la tisa tu. Nidhamu inaanza kujengeka.

Jumatano, 6 Machi

Njiti kaja na boksi la keki ndogo za krimu. Kala nne mbele yangu huku akilamba vidole. Haongezeki hata gramu! Akanikaribisha kwa sauti ya kusikika ghala zima: "Karibu, kaka! Au wewe ndiyo hivyo tena?" Washona magunia wakacheka. Nikamjibu kwamba mambo ya kitoto nimeyaacha.

Akaiacha moja juu ya meza yangu makusudi. Nikaitazama kuanzia saa tisa kamili hadi saa tisa na dakika ishirini. Jasho likanitoka. Mwishowe nikaila ili isiendelee kunisumbua.

Nikajipima kwa siri kwenye mizani ya magunia. Mia moja na nne! Nimepiga hesabu: kwa mwendo huu Ijumaa nitafika mia na nne na nusu. Mwili umekataa kushirikiana. Basi niangalie upande wa pili wa jambo hili, yaani mizani.

Alhamisi, 7 Machi

Imefanyika. 

Nilimwambia nesi kwamba mizani yake inahitaji grisi. Akashukuru, akaenda kunywa chai. Dakika kumi na tano. Fundi mjinga angegeuza skrubu ya sifuri, na mshale ungekaa vibaya kila mtu auone. Mimi nikaingia ndani, kwenye mkono unaobeba springi, nikausogeza kidogo sana. Ikiwa tupu inasoma sifuri safi kabisa. Ukipanda, inakupunguzia kilo sita katika kila mia. Kazi ya ustadi! Inauma kwamba siwezi kumwonyesha mtu.

Mara viatu vya nesi vikasikika koridoni. Nikafunga kifuniko, nikapitisha waya, nikabana kwa koleo lakiri ya risasi, kile kifungo kinachoonyesha nani kaifungua mizani mara ya mwisho, nikapiga muhuri: namba yangu na tarehe ya leo. Kama kawaida. Miaka kumi na tisa sijawahi kuacha mizani bila lakiri.

Nesi akasema angekuwa na mafundi watatu kama mimi, zahanati ingekuwa hospitali. Nikaona haya kidogo.

Nimesherehekea na shimo la kumi. Nusu tu.

Ijumaa, 8 Machi

Tisini na nane! Meneja akanishika mkono. Nesi akanipigia makofi. Njiti akatazama chini. Dakika tatu za furaha kamili maishani mwangu.

Kisha nesi akasema kwamba, kwa kuwa mizani imetoka kutengenezwa na fundi bora, hakuna haja ya kungoja mwisho wa mwezi. Atawapima wafanyakazi wote leo leo.

Wote!

Njiti: hamsini na nne na nusu. Nesi akampima tena. Ile ile. Mama Mkubwa, kiongozi wa washona magunia: kilo tano zimeondoka. Dereva wa kreni: nne na nusu. Kwanza kulikuwa na vicheko, Mama Mkubwa akijishika kiuno na kuuliza nani anataka kumwoa upya. Alipofika mtu wa kumi, nesi alikuwa haongei tena. Alikuwa anaandika tu. Akapanda mwenyewe. Akatabasamu kama nusu dakika. Kisha tabasamu likamtoka, akaketi.

Ghala zima limekonda kwa wiki chache, akamwambia Meneja. Hii si kawaida. Hii ni maradhi, au sumu kwenye maji.

Meneja kafunga kantini. Kafunga tangi la maji. Kafunga zahanati kwa kufuli, ufunguo mfukoni mwake. Kila mtu nyumbani hadi Jumatatu, daktari atakuja. Barua ya cheo changu ataitia saini Jumatatu hiyo hiyo saa mbili.

Nilitaka kusema. Nikamshukuru Meneja.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne asubuhi hodi mlangoni. Njiti! Kavaa masweta mawili. Jua kali, yeye masweta mawili.

Akaketi ukingoni mwa kiti. Akasema tangu jana anazihesabu mbavu zake na zote anazipata. Kaja kuniomba radhi. Ni yeye aliyemkumbusha Meneja yale maandishi ya kikapuni. Wivu tu, kaka. Nilitaka kukasirika, lakini utamkasirikiaje mtu anayekuaga? Akasema barua ya kujitoa kwenye kinyang'anyiro ameshaiandika, cheo nichukue mimi, yeye hana siku nyingi. Ila niwaangalie wanawe wawili. Yule mkubwa ana akili ya ufundi, nimfundishe kulehemu.

Mama mkwe akalia. Akamwita Njiti mwanangu, akamwamuru mke wangu afungue lile kabati na kumtilia mgeni vijiko sita.

Mke wangu akaniita jikoni. Akauliza kwa nini natoka jasho kuliko mgonjwa. Nikasema ni huruma. Akanitazama muda mrefu. Ameishi nami miaka kumi na sita.

Njiti ametuachia keki nzima. Aliinunua anenepe, ikamshinda kumeza. Nimeila saa tano na nusu. Kila kipande niliyaona yale masweta mawili. Nimeimaliza hivyo hivyo.

Jumapili, 10 Machi

Nimechora mstari katikati ya karatasi. Faida za kunyamaza: cheo, dirisha, heshima. Faida za kusema: Njiti avue masweta.

Mke wangu akaikuta karatasi. Ikabidi nimweleze yote. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Akakunja karatasi, akaitia kwenye mkoba wake, akasema kesho kabla ya saa nne nitasema mwenyewe, vinginevyo atapanda hadi ofisini kwa Meneja aseme yeye.

Nimepata njia ya katikati. Alfajiri nitaingia zahanati, niurudishe mkono wa springi mahali pake. Daktari atawapima upya: wote wamepona! Watashukuru. Mimi nilishapimwa Ijumaa, imeandikwa. Saa mbili barua inatiwa saini. Hakuna aliyeumia.

Sijui kwa nini sikuliwaza hili mapema.

Jumatatu, 11 Machi

Niandike taratibu.

Saa kumi na mbili na nusu, nilikuwa nyuma ya zahanati. Mlango una kufuli, nilijua. Dirisha la choo halina. Kichwa kikapita. Mabega yakapita. Tumbo likafika, likasimama.

Nikavuta pumzi nirudi nyuma. Nalo likakataa kurudi. Nusu yangu zahanati, nusu yangu uwanjani, bisibisi mkononi. Nikasikia mlango wa mbele ukifunguliwa. Meneja, nesi, na daktari mwenye miwani. Wakanikuta natokea ukutani kama kabati lililofungwa vibaya. Aliyenivuta miguu kwa nje alikuwa Njiti, aliyewahi kuja kumwona daktari. Akawaambia wanisamehe, nimezidiwa, nilikuwa naitafuta dawa.

Daktari akauliza swali moja: mizani hii ilihakikiwa lini? Nesi akamwonyesha lakiri. Daktari akavua miwani, akasoma kwa sauti namba yangu. Kisha tarehe. Alhamisi. Siku moja kabla watu wote hawajakonda.

 Nilisikia maji yakidondoka kwenye bomba lililofungwa.

Daktari akaomba mawe ya kupimia. Nikasema kwa haraka kwamba mawe yamepelekwa kusafishwa. Njiti, roho safi, akasema hapana, kaka, yako chini ya meza yako, umesahau kwa ugonjwa. Akatoka mbio. Nikayasikia magurudumu yakija koridoni, krr, krr, krr. Njia nzima niliyahesabu.

Akafungua kifuniko. Mawe saba. Shimo la nane, tofi. La tisa, maganda ya biskuti. La kumi, nusu keki na sisimizi ukoo mzima.

Mama Mkubwa, aliyechungulia mlangoni, akauliza kama hiyo nayo ina lakiri.

Daktari akayapanga mawe saba juu ya mizani, moja moja. Kilo sabini. Mshale ukapanda, ukatikisika, ukasimama kwenye sitini na sita. Hakuna aliyeutazama mshale. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Njiti akavua sweta la kwanza. Akalikunja. Akavua la pili.

Nilisema yote. Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano. Nilipotoka, mke wangu alikuwa getini, mkoba mkononi. Akauliza kama nimesema. Nikasema nimesema. Akanishika mkono, tukaenda nyumbani. 

Jumanne, 12 Machi

Hukumu. Sikufukuzwa. Nimenyang'anywa koleo na muhuri wa lakiri. Fundi Mkuu ni Njiti, na leo nimemwona juu kabisa ndani ya kikapu, mdogo kama ndege. Hakupunga mkono. Kumbe Ijumaa, akidhani anakufa, alimwungamia mkewe jambo la zamani ambalo mkewe asingelijua kamwe. Sasa analala sebuleni. Amesema la cheo ameshanisamehe, la kiti cha sebuleni hapana.

Kila Jumatatu nitapimwa hadharani, yeye akisimamia.

Mama mkwe peke yake ndiye aliye upande wangu. Kasema mimi mwanawe nimekonda, na kama ndiyo mizani za siku hizi, hazifai.

Jumatano, 13 Machi

Leo nesi kanikalisha chini kwa upole. Hana kinyongo, mtu mwema sana. Akanionyesha chati ukutani, kilo upande huu, urefu upande ule. Akanieleza kwamba uzito peke yake si kitu, unatazamwa pamoja na kimo. Mtu wa kilo mia na nne yuko sawa kabisa, mradi awe na urefu wa mita mbili na sentimita nne.

Nikayatafakari haya. Wiki nzima nimeteseka bure! Wamenidhalilisha bure! Mimi uzito wangu hauna kasoro. Nimepungukiwa sentimita thelathini na tatu tu.

Nikasimama kwenye kipimo cha urefu, nikashukuru, nikakiangalia vizuri. Ni ubao tu, umeshikiliwa ukutani na skrubu mbili. Ukiushusha sentimita moja kila wiki, nami nikarefuka kwa kiasi hicho hicho, nani ataona? Baada ya wiki thelathini na tatu nitakuwa mtu mwembamba. Nimeshatengeneza jedwali, na wiki ya kwanza nimeifungua kwa tofi moja.

Kipimo cha urefu hakifungwi kwa lakiri. Na bisibisi hawakuninyang'anya.