Ombi la Kuzuia Tena Mikusanyiko ya Watoto, Isipokuwa Mjukuu Wangu

Kwa Bwana Afya wa Kata,
Mbuchi, Rufiji.
Novemba, 1998

Ndugu Bwana Afya,

Anayekuandikia ni Azan Sadallah, mwenye banda la video na deki pekee upande huu wa delta. Shule niliishia darasa la tano, lakini la tano la zamani, na Mombasa nimefika mara mbili.

Ulipopiga marufuku mikusanyiko kwa ajili ya kipindupindu, nilifunga banda bila ubishi. Madrasa ikafungwa, ngoma zikasimama, kila mtoto akabaki kwao. Kipindupindu kimepita, alhamdulillahi. Sasa nalalamika:

1. Miezi ile hakuna mtoto aliyepiga chafya. Nami nilikuwa nimegawa bure mafuta yangu ya mchaichai, basi nikatangaza kwamba mafua nimeyafukuza mimi. Ulinisikia, ukanyamaza. Ungeninong'oneza tu.

2. Ulipofungua, watoto walijaa bandani kwangu, na wiki haikuisha kitongoji kizima kinakohoa, hata mijitu ya darasa la saba. Ukaeleza mkutanoni kwamba walikaa muda mrefu bila kuambukizana, miili ikayasahau mafua, sasa yanawapata wote kwa mpigo. Maelezo mazuri, sikatai. Lakini kulikuwa na haja gani ya kulitazama banda langu wakati unaeleza?

3. Hili ndilo linaloniuma. Binti yangu Salama amemzuia mjukuu wangu Nusaiba, wa miaka mitano, asije kwangu, ati Babu anafuga kikohozi kama watu wanavyofuga kuku. Mtoto huyo ndiye pekee hapa duniani anayeamini kwamba Kihindi cha kwenye filamu nakielewa chote. Tangu azuiwe, nakula sishibi.

Kwa hiyo naomba marufuku irudi kwa watoto wote wa delta, hadi mafua yenyewe yachoke. Wasicheze pamoja, wasile sinia moja, wasisogeleane. Nusaiba peke yake apewe kibali, chenye mhuri, cha kuja kwangu kila jioni.

Nisalimie nyumbani kwako, majirani, na yule dada wa zahanati anayecheka kila nikipita.

Ni mimi, ninayeziheshimu sindano zako kwa mbali,
Azan Sadallah

Nyongeza: Ombi nimelifuta. Nusaiba amemtoroka mama yake, kaja na kamasi zake puani, na nyuma yake watoto wa kitongoji kizima. Nimewasha jenereta. Bahasha hii kailamba yeye, maana aliililia. Ukianza kukohoa, tafadhali usimwambie Salama.