Mmiliki Hajajibu

Jumatatu, 4 Machi

Dada katangaza leo, huku akichagua mchele, kwamba mwisho wa mwezi anahamia kwa binti yake, ng'ambo ya mpaka. Nikamuuliza kule kuna nini ambacho hapa hakuna. Akasema kule kuna wajukuu. Hapa kuna mimi. Tangu tulipoondoka kwetu tunabishana duka la fundi cherehani lilikuwa upande gani wa barabara, na hakuna wa kutuamua.

"Nikibaki nawe peke yako, mdogo wangu, kwetu kutabaki jinsi unavyokusimulia wewe. Na unakusimulia vibaya."

Nimeumia. Tena sijui kupika.

Dawa ni moja: shoga yake. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, ambaye siku ile watu walipotawanyika alipanda lori jingine. Inasemekana anaishi mji huu huu. Kama anaishi humu, anakunywa maji. Kama anakunywa maji, nitampata mimi, mtu wa ankara katika kampuni ya maji. Akili yangu hunishangaza hata mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi

Jedwali la wateja lina jina, simu na mahali pa kuzaliwa. Limo kwenye katalogi, ule ukurasa wa kompyuta unaopanga data zote za kampuni kama bidhaa dirishani. Data iliyolindwa unaona jina lake tu, na alama ya kufuli. Ukiitaka, unabonyeza Omba Ruhusa, unaeleza sababu, na ombi linakwenda kwa mmiliki wa data hiyo.

Nikaandika sababu: uchunguzi wa mabomba yanayovuja. Sentensi safi. Niliisoma tena kwa raha.

Jibu likaja papo hapo: Ombi limefikishwa kwa mmiliki. Subiri.

Nikasubiri mpaka chai. Kimya.

Kwenye meza ya mkabala hukaa ofisa wa faragha, mlinzi wa taarifa za wateja, tunayemwita Kufuli. Mzee mwenzangu. Hufunika kikombe chake kwa kisahani, mtu asije akajua anakunywa nini. Aliniuliza mabomba yanayovuja yanahusiana vipi na mahali alipozaliwa mteja. Nikamjibu kwamba mtu aliyezaliwa penye mvua hufungua bomba bila huruma. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akanitazama upya. Naona hakuridhika na tofauti.

Jumatano, 6 Machi

Ombi la pili. Sababu: dharura. Ombi la tatu: dharura kubwa. Mmiliki kimya kama maji mtungini. Nani huyu anayejiona?

Nimempelekea Kufuli biskuti ili kumlainisha. Kazila zote, kisha kasema hana mamlaka. Jina la mmiliki limeandikwa chini kabisa ya ukurasa, nishuke nikasome. Nikamwambia aliye juu mngoje chini. Akasema ndiyo, basi shuka ukamngoje.

Sikushuka. Mtu wa makamo yangu hatumwi-tumwi kwenye ukurasa. Badala yake nimemwandikia Meneja malalamiko rasmi: mmiliki wa data hii ni mvivu, ana kiburi, analala kazini, na apewe onyo. Nakala kwa ghorofa nzima. Nimetoka ofisini nikitembea kama kijana.

Alhamisi, 7 Machi

Meneja kaniita. Ni rika la mpwa wangu. Aliniamkia shikamoo kwa upole mwingi, nikajua mambo yameharibika. Akanigeuzia kompyuta. Chini kabisa ya ukurasa: mmiliki wa data. Jina langu. Na cheo changu, bila kosa la herufi.

Sasa nakumbuka. Siku ya kuzindua katalogi waliuliza nani atamiliki jedwali la wateja. Wenzangu wote wakainama kutafuta kalamu chini ya meza. Mimi nikasikia neno mmiliki, nikanyoosha mkono. Nilidhani linakuja na kiti cha kuegemea. Na barua pepe za katalogi, zilipozidi, niliiamuru kompyuta izitupe moja kwa moja kwenye takataka.

Tukafungua takataka. Maombi yangu yalikuwamo yote. Chini yake maombi ya mafundi wa mabomba yanayovuja, ambao kweli wanachunguza mabomba yanayovuja, wakinisihi tangu mvua za mwaka jana.

Meneja akauliza, taratibu, kama bado nataka mmiliki apewe onyo. Nikasema tumsamehe. Ni mtu mzima.

Ijumaa, 8 Machi

Kumbe ni neema! Kama mmiliki ni mimi, nijiruhusu. Nikabonyeza. Mashine ikajibu: Mwombaji haidhinishi ombi lake mwenyewe. Hata mpakani niliaminiwa kuliko hivi. Ombi likaruka kwa naibu wa mmiliki. Naibu ni Kufuli.

Kufuli akalisoma, akavuta kiti, akaniambia mabomba tuyaache, nimpe ukweli. Nikampa. Dada, lori jingine, mwisho wa mwezi. Aliguswa; alifunua kikombe kabisa. Kisha akakataa.

"Yule mama alitupa namba yake tumpelekee maji," akasema. "Hakutupa tumpelekee wewe."

Nikamuuliza basi nimwache Dada aende zake? Akasema kuchukua namba ya mtu siwezi, lakini kutoa yangu hakuna anayenizuia. Ukumbi wa kulipia ankara hujaa watu kila siku, na kwenye ubao wa matangazo kuna paka aliyepotea tu.

Nikaandika tangazo refu lenye dibaji. Kufuli akalikata, zikabaki sentensi mbili. Halafu, mtu huyu hana haya, akataka ruhusa ya Dada, kwa kuwa jina lake limo. Ikanibidi nimpigie simu, siri yote nje.

Dada akataka nimsomee tangazo lote. Nikamsomea.

"Liweke," akasema. "Na uandike mtaa wa kisimani. Siyo ule unaousema wewe."

Jumatano, 13 Machi

Simu moja tu mpaka leo. Mwenye paka, kakosea tangazo. Tulizungumza vizuri. Paka hajaonekana. Kurudi nyumbani, nimekuta sanduku la Dada limeshushwa kabatini. Limefunguliwa, tupu. Nimelipita kama sikuliona.

Ijumaa, 15 Machi

Kapatikana! Mkwewe alikwenda kulipa ankara, akasoma tangazo foleni nzima. Shoga mtu amepanga. Ankara huandikwa jina la mwenye nyumba. Maana yake kwenye jedwali letu hayumo, wala hajawahi kuwamo. Kufuli nikampa habari hizi. Alikohoa tu, kwa adabu.

Jumapili, 17 Machi

Shoga kaja. Waliposhikana mikono mlangoni, mimi nikaenda kuangalia sufuria ambayo haikuwa jikoni. Nilipotulia nikamuuliza lile duka la fundi. Akasema barabara gani? Pale palikuwa na kichochoro, na fundi alishonea barazani kwa mama yake. Wakacheka mpaka Dada akakaa chini.

Kisha Dada kampigia binti yake. Atakwenda kuwatembelea, na atarudi. Sanduku limejaa blanketi, limerudi kabatini.

Wamechukua kiti changu. Naandika nikiwa juu ya gunia la mchele, na wananisema mle ndani, nasikia. Sijawahi kukaa vizuri hivi.

Jumatatu, 18 Machi

Lazima nimshukuru Kufuli. Nimeazimia kumfanyia sherehe ya siku yake ya kuzaliwa, kwa kushtukiza. Tatizo, hajawahi kumwambia mtu ni lini. Lakini lipo jedwali la wafanyakazi, limelindwa, na katalogi naijua sasa kama kiganja changu.

Sababu: usalama wa moto.

Safari hii sikukurupuka. Nimeshuka hadi chini kabisa, nikasoma kwanza mmiliki ni nani. Ni Kufuli.

Nimetuma. Hawezi kujua ni mimi. Jina langu nimeliandika kwa herufi ndogo.