Presha Iliyoshuka Ni ya Gari, Si Yangu

Ndugu Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi Magari.

YAH: KUTENGANISHA PRESHA YA GARI NA PRESHA YA MWENYE GARI

Kwanza nakutakia afya njema wewe na mafundi wako wote, maana yangu mimi nimenyang'anywa bila kuugua. Mimi ni karani mstaafu wa ghala. Nina mke mmoja, binti mmoja aliyeolewa mbali, na gari moja. Mpaka Jumanne ya wiki tatu zilizopita sote tulikuwa wazima, isipokuwa gari. Naandika kwa heshima zote, ingawa nimelazwa kitandani mchana kweupe na miguu yangu imepandishwa juu ya mito mitatu.

1. Lalamiko la kwanza ni juu ya jina. Fundi wangu, ambaye nyumbani siku zote namtaja kama "fundi" basi, huko gereji mmembatiza Dokta. Simnyimi sifa zake. Ana masikio ya kuijua injini ikiwa bado kona ya pili. Lakini mtu ambaye gereji yake haina hata bandeji hapaswi kutia sahihi "Dokta" kwenye ujumbe wa simu unaokwenda kwa mke wa mtu.

2. Gari lilikuwa likifika mlimani linakohoa, linakata pumzi, kisha linazima. Dokta akafunga geji ya kupima presha kwenye bomba la mafuta. Sindano ilitakiwa isimame kwenye tatu, ikasimama kwenye moja na nusu. Akaniomba niingie chini ya gari nimshikie tochi, nikaingia, kwa kuwa mimi si mtu wa kukaa kwenye benchi nikihesabu nzi. Simu yangu ilikuwa imeisha chaji, nikamwomba amjulishe mke wangu kwamba nitachelewa. Ulimi hauna mfupa, na kidole cha kuandikia ujumbe nacho hakina. Haya ndiyo aliyoandika, neno kwa neno:

"Mama, presha imeshuka sana. Tumepima mara mbili. Huenda pampu imechoka. Mzee kalala hapa chini, simu yake imezima. Leo msimtegemee mapema. Dokta."

Ndugu Mwenyekiti, nimeukagua ujumbe huu kama nilivyokuwa nikikagua shehena, na sijaona uongo hata mmoja. Hapo ndipo ubaya wake ulipo.

3. Mke wangu alijua nimekwenda gereji, kwa hiyo akaelewa kwamba nimeanguka huko na daktari ameitwa. Akaja na dada yake na blanketi. Shemeji yangu huyu ni mtu wa kulia kwanza, maswali baadaye. Walipoingia getini waliona miguu yangu imechomoza chini ya gari, imetulia, soksi moja imetoboka kidole. Shemeji akapiga yowe. Kwa kushtuka nikainua kichwa, kikagonga chuma. Basi nilipovutwa nje nilikuwa kweli nina nundu, natweta, na nanuka petroli. Nikasema presha ni ya gari. Shemeji akawatangazia waliokuwepo kwamba mgonjwa ameanza kuweweseka.

4. Tangu siku hiyo nauguzwa na mke wangu pamoja na shemeji, ambaye amehamia kwetu. Chakula changu kinatiwa chumvi ya kupandisha presha, chumvi ambayo ingetosha kuhifadhi samaki wa mwaka mzima. Nikisimama nashikwa, nikikaa nalazwa, nikisema niko mzima wanatazamana. Kinyozi wa mtaani aliletwa kuninyoa kitandani, akafanya kazi kwa upole ambao sijawahi kuuona dukani kwake, akakataa malipo, kisha akaniambia nimsamehe kama amewahi kunikosea. Binti yangu anapiga simu kila asubuhi na kuongea kwa sauti ya chini. Ufunguo wa gari uko ndani ya mkoba wa mke wangu, na mkoba huo anaingia nao hata bafuni. Hili linaniuma, sitaficha. Tangu nistaafu, ufunguo ule ndio ulionihakikishia kila asubuhi kwamba bado nina mahali pa kwenda.

5. Linaloniuma zaidi ni kwamba gari lilipona kesho yake, kama Dokta alivyonisimulia kwa simu. Dokta alibana mpira unaorudisha mafuta kwenye tangi, sindano isipande. Akasema ingepanda, kosa lingekuwa la regyuleta, kile kifaa kinachodhibiti presha ya mafuta. Haikupanda, basi tutafute nyuma zaidi. Akabadilisha chujio la mafuta, sindano palepale. Ndipo akapima umeme unaofika kwenye pampu, akakuta haufiki hata robo tatu ya unaotakiwa. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, ulikuwa umeshika kutu. Akausugua kwa msasa, akaufunga, sindano ikapanda mpaka kwenye tatu na kutulia. Pampu haikuchoka hata kidogo, ilikuwa inanyimwa umeme. Kazi ya dakika kumi! Kwa maneno mengine, Ndugu Mwenyekiti, mgonjwa ameruhusiwa, na aliyemsindikiza ndiye aliyelazwa.

6. Kwa hiyo naomba neno "presha" lipigwe marufuku katika gereji zote kuanzia wiki ijayo. Fundi aseme "msukumo wa mafuta", hata kama ni refu. Neno "pampu" lisitajwe kwa wake za watu. Maneno "tumepima mara mbili" yasitumwe kwa simu kabisa. Kila fundi anayeitwa Dokta alirudishe jina hilo hospitali yoyote iliyo karibu, apewe stakabadhi.

7. Wanachama wakiona hayo ni mazito, naomba basi nipewe cheti chenye muhuri wa Umoja, kinachoeleza kwamba presha iliyoshuka siku ile ilikuwa ya gari, na kwamba mwenye gari hakuwa na kasoro yoyote isipokuwa soksi. Nitakitundika ukutani, juu ya kitanda hiki.

8. Na cheti kisipotosha, niko tayari kufungwa geji ileile mbele ya mashahidi. Sindano ikisimama kwenye tatu, nikabidhiwe ufunguo papo hapo na shemeji arudi kwake. Nimejaribu kufikiria geji hiyo itafungwa mahali gani mwilini, nikaona suala hilo niliachie Umoja, wenye utaalamu.

Nisalimie mafundi wote, wapiga rangi, wa matairi, na mlinzi wa geti aliyecheka mpaka akaketi chini. Msalimie na Dokta. Sina kinyongo naye, ila asiandike tena.

Wako mtiifu, niliyelala bila kuugua,
Mwenye Gari

Nyongeza: Nilikuwa natafuta bahasha mke wangu alipoingia. Aliketi ukingoni mwa kitanda, akanishika mkono penye mshipa, akaanza kuhesabu mapigo huku akitazama saa ya ukutani. Kwa miaka mingi mikono yetu imekuwa ikikutana pale tu tunapopokezana mifuko ya sokoni, kwa hiyo nilitulia tuli. Dakika ikaisha, hakuniachia. Nikaona nisile huruma ya bure, nikamwambia taratibu kwamba presha ile, kweli tupu, ilikuwa ya gari. Akasema anajua. Dokta alimweleza siku ileile, palepale gereji, nilipokuwa nikipanguswa petroli. Lakini alikuwa ameshaiona miguu yangu ikiwa imelala vile, na njia nzima ya kwenda gereji alikuwa amejiuliza ataishi vipi. Kisha akaniambia ninyamaze, nimempotezea hesabu, sasa itabidi aanze upya. Ameanza upya. Ndiyo maana mwandiko wa hapa umepinda, naandika kwa mkono wa kushoto. Cheti msilete.